Picha ileile, madaktari wawili, majibu mawili

"Daktari, nilienda kusafisha meno tu, sina jino linaloniuma. Nikapigwa picha mbili za kung'ata, kulia na kushoto, pamoja na ile kubwa ya mashine inayozunguka kichwa. Daktari akanionyesha kwenye kompyuta vivuli vinne vyeusi. Viwili alisema viko kwenye gamba la nje, kati ya gego na gego. Cha tatu kimeingia ndani zaidi. Cha nne kiko pembeni mwa jino lililozibwa zamani. Alikuwa akibonyeza, picha inageuka nyeusi, inageuka nyeupe, na kila akibonyeza vivuli vinazidi kukolea. Akasema yote manne yachongwe na kuzibwa. Nikabeba picha hizohizo kwa daktari wa pili, naye akasema la kuzibwa ni moja, mawili tuyaangalie, la nne si chochote. Nani ananidanganya? Hizi picha za kompyuta haziwezi kutengeneza tundu lisilokuwepo? Na kinachoninyima usingizi zaidi: wiki mbili baadaye niligundua nina mimba, kumbe siku ile ilikuwa ya wiki tano hivi. Sikuvishwa hata aproni ya kukinga mionzi. Sasa niko wiki ya 13. Nimemdhuru mtoto?"

Dada yangu, nianze na hilo la mwisho. Hujamdhuru mtoto. Sisemi hivyo ili kukupoza moyo tu; nasema kwa hesabu, na hesabu yenyewe ni hii.

Mashine ya picha za meno hutoa mwale mwembamba unaoelekezwa kwenye taya, wala haumuliki mwili mzima kama taa ya chumbani. Kinachoweza kufika kwenye mji wa mimba ni masalio ya mionzi iliyotawanyika ndani ya kichwa na shingo, nayo hukadiriwa kuwa chini ya sehemu moja ya mia ya miligrei, kipimo cha mionzi inayonyonywa na mwili. Madhara kwa mimba, yaani kuharibika au mtoto kupata ulemavu, hayajaonekana kwa kiwango kilicho chini ya miligrei 50. Gawanya mwenyewe: kati ya kilichofika tumboni na kile kinachoanza kututia wasiwasi sisi madaktari, tofauti ni mara 5,000 au zaidi.

Hata kwako wewe mama kiwango ni kidogo. Kila binadamu hupokea mionzi ya asili kutoka ardhini, angani, kwenye hewa na hata kwenye chakula. Kwa kipimo cha athari ya mionzi mwilini, wastani wa dunia ni milisiverti 2.4 kwa mwaka, sawa na mikrosiverti sita na nusu hivi kwa siku (milisiverti moja ni mikrosiverti 1,000). Picha moja ndogo ya kidijitali kwa kawaida haifiki mikrosiverti 10, na mara nyingi iko chini sana ya hapo. Ile kubwa ya taya zote huwa kati ya 10 na 25 hivi. Ukijumlisha zote tatu, umepata mionzi ambayo ungeipata kwa siku chache za kuishi tu bila kumwona daktari yeyote.

Hofu ya watu kuhusu eksirei haikutoka hewani, nakubali. Mwanafizikia Wilhelm Röntgen aligundua mionzi hii Novemba 1895, na Januari 1896 daktari wa meno wa Ujerumani, Otto Walkhoff, alikuwa ameshajipiga picha ya meno yake mwenyewe, akikaa mbele ya mionzi kwa dakika 25. Edmund Kells wa New Orleans, miongoni mwa waanzilishi wa kazi hii, alipoteza vidole na hatimaye mkono kwa saratani, baada ya miaka ya kuunguzwa na mionzi kazini. Leo picha huchukua sehemu ndogo ya sekunde. Hofu imebaki na ukubwa uleule, ingawa kiwango cha mionzi kimeshuka mno.

Kuhusu aproni nitakushangaza. Mwaka 2024 Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani kilipendekeza aproni za risasi na kola za kufunika tezi ya shingoni ziache kuwa desturi kwa wagonjwa wote, wajawazito wakiwemo. Mwale wa siku hizi tayari umebanwa. Aproni haizuii mionzi inayotawanyika ndani kwa ndani. Na mara nyingine kola huingia kwenye njia ya mwale, picha ikaharibika, mgonjwa akapigwa mara ya pili. Kuna sehemu ambako kanuni bado zinaitaka, na daktari anayekuvisha hajakosea kitu. Lakini kinachopunguza mionzi hasa ni mambo usiyoyaona: mdomo wa mashine uliobanwa ukawa mstatili badala ya duara, kihisi (kile kibao cha mdomoni kinachoipokea mionzi) kinachoridhika na mionzi michache, na kubwa kuliko yote, kutopiga picha isiyo na sababu.

Hapo nina neno na daktari wako wa kwanza. Alitakiwa akuulize kama huenda una mimba, si kwa sababu picha ingekuwa hatari, bali kwa sababu ni haki yako kuamua ukiwa unajua. Na ile picha kubwa, kama ilipigwa kwa ajili ya kutafuta kuoza tu, haikuwa na kazi. Ni nzuri kwa gego la mwisho lililokwama, kwa taya iliyovunjika, kwa uvimbe wa mfupa. Kwa kuoza kunakoanza kati ya meno ni hafifu, maana meno huonekana yamelaliana na ukungu umetanda. Picha ya kung'ata ndiyo yenye kazi hiyo: unabana kihisi kwa meno, mwale unapita katikati ya magego, na nafasi kati ya jino na jino inabaki wazi.

Sasa tuje kwenye vivuli.

Jino lina gamba la nje, enameli, ambalo asilimia 96 hivi ya uzito wake ni madini. Chini yake kuna dentini, yenye madini asilimia 70 hivi. Katikati kabisa kuna kiini, chenye mishipa ya damu na ya fahamu. Madini hayo ni ya kalisi na fosforasi, na kalisi hunyonya eksirei kwelikweli. Penye kalisi nyingi, mionzi michache tu hupenya na kukifikia kihisi kilicho upande wa pili, na kompyuta inapachora pakiwa peupe. Kiini, ambacho ni nyama laini, hutoka cheusi. Kwa hiyo kivuli cheusi ndani ya enameli si picha ya mdudu wala ya uozo wenyewe. Ni picha ya madini yasiyokuwepo. Yamepotea kwa nini, tangu lini, na kama yanaendelea kupotea, picha moja haijui.

Anayeyaondoa ni asidi. Bakteria walio kwenye ukoga hula sukari kila tunapokula na kutoa asidi. Pale pH, kipimo ambacho hushuka kadiri asidi inavyozidi, inaposhuka chini ya 5.5 hivi, enameli huanza kuyeyuka. Mate yakipata muda wa kutosha huipandisha tena na kurudisha sehemu ya madini. Ni vuta nikuvute ya kila siku. Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba asidi haianzi kwa kutoboa. Hupenya vijitundu vya enameli visivyoonekana kwa jicho na kuchota madini chini ya uso, huku uso wenyewe ukibaki karibu mzima. Umewahi kuona mlango ulioliwa na mchwa ndani kwa ndani, na rangi ya nje bado inang'aa? Ndivyo jino linavyokuwa kwa muda mrefu, wakati mwingine kwa miaka.

Hapo ndipo ulipo mgogoro wa madaktari wako wawili. Eksirei huona mchwa alikokula. Haioni kama rangi ya mlango imepasuka. Na uamuzi wa kuchonga au kutochonga unategemea hasa mpasuko huo. Uso ukiwa mzima, mswaki, uzi wa meno na floraidi bado vina la kufanya, kwa sababu ukoga uko nje ambako unafikika. Uso ukishabomoka, ukoga huhamia ndani ya shimo na uzi hauna njia ya kuufuata. Jino lenye uso mzima huweza kutulia lenyewe. Lenye uso uliobomoka, kwa kawaida, halitulii. Kwenye picha, hasa hatua za katikati, meno hayo mawili huweza kufanana kama mapacha.

Usije ukaelewa kwamba picha daima hukuza mambo. Kwa kawaida hufanya kinyume. Mpaka kivuli kionekane, sehemu hiyo huwa imeshapoteza theluthi moja au zaidi ya madini yake, kwa hiyo kuoza kuchanga kabisa hakuonekani. Hata kunakoonekana, kwenye jino halisi huwa kumeenda mbele kidogo kuliko picha inavyoonyesha. Kwenye uso wa kutafunia ni dhaifu zaidi: milima ya enameli pande zote mbili hufunika bonde lililo katikati, na jicho la daktari juu ya jino lililokaushwa vizuri huiona hatua ya mwanzo kabla ya mashine yoyote. Ndiyo maana sipendi kusikia mtu akisema "eksirei imesema". Eksirei haisemi. Daktari ndiye anayesema, baada ya kuangalia picha na kuangalia mdomo.

Uliuliza kama kompyuta inaweza kutengeneza tundu lisilokuwepo. Swali hilo si la kijinga hata kidogo. Kule kubonyeza ulikokuona, kwa sehemu kubwa, ni kazi halali. Kihisi kizuri huweza kurekodi ngazi 4,096 za kijivu, na jicho la mtu hutambua chache tu kati ya hizo kwa wakati mmoja. Daktari anapoongeza au kupunguza mwanga, anachagua ni fungu lipi la ngazi hizo tulione vizuri. Haongezi habari ambayo kihisi hakikuipokea. Ila anaweza kuipa habari ndogo sauti kubwa. Picha ikitiwa weusi kupita kiasi, hata jino zima litaonekana limeoza. Mimi huanza kuisoma picha kama ilivyotoka, kwenye chumba kilichopunguzwa mwanga, ndipo nibonyeze. Na kivuli kinachoonekana kwa mpangilio mmoja tu na kupotea kwa mingine yote, sikiamini haraka.

Kuna na hila nyingine, ambazo si za kompyuta bali za maumbile na za macho yetu wenyewe. Shingo ya jino, pale enameli inapokoma karibu na ufizi, haina enameli kama sehemu ya juu yake wala mfupa kama ya chini yake, hivyo mionzi mingi hupita na kuacha kivuli kinachofanana sana na kuoza. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu hukipigia kelele. Mzoefu huangalia kama kiko chini ya mahali meno yanapogusana, kama kingo zake zimefifia, na kama kwenye picha ya pembe nyingine kinatoweka. Tena, jicho la binadamu likikuta weupe mkali umepakana na kijivu, hujichorea ukanda mweusi mpakani ambao haupo kabisa. Funika ule weupe kwa kidole, ukanda unapotea. Nilianza kazi nikidhani mimi siwezi kudanganywa hivyo. Siku moja nilichonga jino la kijana mmoja kwa kivuli cha aina hiyo nikakuta enameli ngumu, safi, isiyo na doa. Nilimwambia ukweli, nikaliziba, na tangu siku hiyo kidole changu hufunika kwanza ndipo mkono ushike mashine ya kuchonga.

Kompyuta yenyewe ina hila moja ambayo filamu haikuwa nayo, na inahusu hicho kivuli chako cha nne. Programu nyingi za picha zina kitufe cha kunoa kingo. Kinapendeza: kila mstari unatoka mkali kama umechorwa kwa wembe. Lakini programu hufanya hivyo kwa kuongeza tofauti pale weupe unapokutana na weusi, na pembeni mwa chuma cha jino lililozibwa huweza kuacha utepe mweusi unaofanana kabisa na kuoza chini ya kizibo. Mbali na hilo, baadhi ya gundi na vifaa vya zamani vya kuzibia havinyonyi eksirei, vikatoka vyeusi huku viko salama. Na mara nyingine, ndiyo, ni kuoza kweli. Daktari wa pili aliposema si chochote, huenda alizima kile kitufe na utepe ukatoweka. Huenda pia aliangalia ukingo wa kizibo mdomoni akaukuta umekaa. Muulize ni kipi kati ya hayo. Akisema hakuangalia mdomoni, basi naye hajamaliza kazi.

Kwa hiyo, nani anakudanganya? Sijaziona picha zako wala kukaa na madaktari hao, lakini kwa ulivyoeleza, huenda hakuna. Madaktari wawili waaminifu wakipewa picha ileile hutofautiana, na utafiti umelionyesha hilo tena na tena. Mara nyingi hawatofautiani juu ya kilichopo. Wanatofautiana juu ya mahali pa kuanza kuchonga. Wapo waliofundishwa kwamba kivuli chochote ni tundu na tundu huzibwa leo. Ulikuwa ushauri wa busara enzi ambazo hatukuwa na njia nyingine. Wapo waliofundishwa baadaye, tulipojua kwamba kuoza kwa enameli huweza kusimama. Ipo pia tamaa ya fedha, siwezi kukuficha, maana jino linaloangaliwa haliingizi kitu. Lakini tofauti peke yake si ushahidi wa wizi.

Tuyapime basi moja moja, nawe uende na maswali yako mkononi.

Vile vivuli viwili vilivyo ndani ya enameli tu: kama kweli vimekomea hapo, mimi nisingevichonga, na miongozo mingi ya sasa inaelekea huko. Kwa mtu mzima, kuoza huchukua miaka kuvuka enameli, na kwingi husimama njiani kukibadilishwa mazingira. Kuchonga nako kuna bei ambayo haiandikwi kwenye risiti. Ili kufika kati ya magego mawili, daktari hupitia enameli nzima kutoka juu, na ncha ya mashine mara nyingi hukwaruza jino jirani lisilo na kosa. Kizibo nacho hakidumu milele. Siku kitakapobadilishwa shimo litakuwa kubwa kidogo, na siku nyingine kubwa zaidi. Jino lililofunguliwa mapema lina safari ndefu mbele yake. Badala yake, omba kupakwa floraidi nzito ya kliniki, nayo haina shida kwa mjamzito. Piga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi sehemu kati ya 1,000 na 1,500 kwa kila milioni (ppm), tema, usisukutue kwa maji mengi. Na uzi, dada yangu, uzi kila siku. Mswaki haufiki kati ya gego na gego, na kuoza kwako kuko hapohapo. Nafasi ikiwa pana, vile vibrashi vidogo vya kupenyeza ni bora kuliko uzi.

Iko na njia ya katikati: kuipenyezea enameli iliyolika utomvu maalumu wa resini unaojaza vijitundu na kuziba njia ya asidi, bila kuchonga. Hufaa vivuli vilivyo kwenye enameli au vilivyogusa tu ukingo wa dentini, ambapo uso bado mzima. Haipatikani kila kliniki, na hakuna haraka ya kuifanya sasa hivi.

Kivuli cha tatu ndicho cha kushughulikia. Uliza: kimeingia dentini kwa kina gani? Tunaigawa dentini mafungu matatu kutoka nje kwenda ndani. Kikiwa fungu la kati au la ndani, uso karibu hakika umeshabomoka na jino lizibwe. Kikiwa fungu la nje tu, ni nusu kwa nusu, na hapo namwonea huruma kila daktari. Njia rahisi ya kumaliza ubishi ni kuweka kipira kidogo kati ya meno hayo kwa siku mbili tatu, kama kile kinachotumika kabla ya kufunga nyaya za kunyoosha meno. Meno yakiachana kwa unene wa ukucha, daktari anaangalia kwa macho yake: uso umevunjika au haujavunjika. Nashangaa kwa nini hatufanyi hivi mara nyingi zaidi. Njia nyingine ni kumulika jino kwa taa kali kutoka pembeni. Sehemu iliyooza hukatiza mwanga. Hiyo haina mionzi yoyote, ingawa nayo haionyeshi kina vizuri.

Kama jibu ni kuziba, usisubiri ujifungue. Miezi mitatu ya katikati ya mimba, ambayo ndiyo unaingia sasa, ni wakati mzuri: kichefuchefu kimepungua na tumbo bado halijawa zito la kukuzuia kulala chali. Ganzi ya kawaida ya lidokeini hutumika salama kwa wajawazito. Kuoza kunakoachwa mpaka kufike kiini ndiko kunakoleta usaha, homa na dawa nyingi, na hayo ndiyo nisiyomtakia mjamzito. Baada ya kujifungua, niamini, hutakumbuka jino.

Na kwa kuwa uko kwenye hali hiyo, nifute jambo moja unaloweza kuwa umeambiwa: mtoto hanyonyi kalisi ya meno ya mama. Kalisi ya enameli haina njia ya kurudi kwenye damu. Meno ya wajawazito huharibika kwa mambo ya karibu zaidi, kama kutapika, kula kidogokidogo mchana kutwa, na kushindwa kuvumilia mswaki asubuhi. Ukitapika usipige mswaki papo hapo, kwa sababu asidi imeulainisha uso wa jino. Sukutua kwa maji yenye kijiko kidogo cha bikaboneti ya soda, ngoja kama nusu saa, ndipo upige mswaki.

Kuhusu kutoumwa: enameli haina fahamu, kwa hiyo vivuli viwili vya kwanza haviwezi kukuuma hata kama vingetaka. Dentini huanza kulalamika kwa baridi na tamu, na si kila mara. Kwa hiyo kutoumwa hakumwondolei daktari wa kwanza hoja. Ndiyo sababu hasa picha hizi zipo. Kwa upande mwingine, eksirei haiwezi kukuambia kama kiini cha jino kiko hai. Hilo hupimwa kwa baridi juu ya jino lenyewe, na kwa lile la tatu ningependa lipimwe kabla ya kuchongwa.

Siku hizi utakuta kliniki ambako programu ya akili mnemba inachora viboksi vya rangi juu ya kila kivuli. Hiyo ni msaada, hasa kwa daktari aliyechoka jioni. Lakini nayo inasoma kivuli kilekile, na hila zilezile za shingo ya jino na za vizibo huweza kuinasa. Rangi nyekundu kwenye skrini isikutishe kuliko kivuli kilivyo. Na mtu asikuambie kwamba picha ya kidijitali huona kuoza kuliko filamu; kwa kuona, zinakaribiana sana. Faida yake ni mionzi kupungua, jibu kupatikana papo hapo, na kuweza kuweka picha ya leo pembeni mwa ya mwaka juzi.

Hilo la kulinganisha ndilo ambalo hakuna daktari wako aliyelitaja. Je, una picha za zamani? Kivuli ambacho hakijasogea kwa miaka mitatu ni kovu. Kilichoongezeka ndani ya mwaka ni ugonjwa. Zitafute hata kama ni za filamu. Picha za kung'ata zinazofuata zisipigwe kwa mazoea ya kila miezi sita: mtu mzima mwenye dalili za kuoza hupigwa kati ya miezi 6 na 18, asiye nazo hukaa miezi 24 hadi 36. Kwako wewe, mwaka mmoja hivi kutoka zile za kwanza unatosha, na utakuwa umeshajifungua. Ukihitaji picha kabla ya hapo kwa sababu ya maumivu au uvimbe, kubali bila hofu.

Usiusubiri mwaka huo kama jino litaanza kuuma lenyewe, kukuamsha usiku, au kama maumivu ya baridi yanabaki dakika nzima baada ya maji kumezwa. Hapo nenda ndani ya siku chache. Uso au taya ikivimba, ukapata homa, ukashindwa kufungua mdomo, kumeza au kupumua vizuri, hiyo ni hospitali usiku huohuo, na si suala la jino tena. Usimeze viuavijasumu vilivyobaki nyumbani, wala ibuprofeni bila kumuuliza anayekuhudumia mimba, hasa ukishafika wiki ya 20.

Kabla ya kwenda kwa daktari wa tatu, kama utaamua kwenda, omba mafaili halisi ya picha zako. Usibebe picha ya skrini iliyopigwa kwa simu, maana mng'ao wa kioo na ubanwaji wa programu za kutumiana ujumbe huua ngazi za kijivu tulizozihitaji. Kisha usimwambie kwanza wenzake walisema nini. Mwache aangalie mdomo, aangalie picha, akuonyeshe kila kivuli kwa kidole, ndipo umuulize juu ya kila jino: uso umevunjika, au bado?